Mume Wangu Anataka Tuhamishe Kiwanja Kabla ya Dalali Kufika

BARUA

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Mombasa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 44. Nina shida ambayo siwezi kuieleza kanisani wala kwa majirani, maana huku kwetu habari za mtu kudaiwa hazilali.

Mimi na mume wangu tuna karakana ya fanicha Changamwe. Yeye ndiye fundi, mimi nashika hesabu, simu na wateja. Tulianza chini ya mabati tukitengeneza vitanda na makabati ya watu wa mtaani. Mwaka 2016 tukasajili kampuni, sisi wawili tukiwa wakurugenzi na wenye hisa, kwa sababu shule na mashirika yalikuwa hayataki kununua bila kampuni. Kazi ikaenda. Tukapata mafundi watano, pikapu moja, mashine ya kuranda, msumeno wa meza na wateja wa kudumu.

Mwaka 2021 tulikopa benki shilingi milioni 5 tuongeze mashine na tujenge sehemu ya kupaka rangi. Nyumba yetu ya Mtwapa ikawekwa rehani. Hatimiliki ina jina la mume wangu, nami nikatia sahihi karatasi ya kukubali kama mke. Kulikuwa na karatasi nyingine nyingi. Zote tulizitia sahihi siku hiyo hiyo kwa wakili wa benki.

Mwaka uliofuata tukapata zabuni ya kaunti moja, viti na meza za watoto wa chekechea. Viti vyenyewe ni vifupi, havifiki goti langu, na mume wangu alisimama juu ya mafundi kila kimoja kipigwe msasa mara mbili ili mtoto asichomwe na kibanzi. Mbao tulichukua kwa mkopo. Tukapeleka mzigo wote, kamati ya ukaguzi ikahesabu, ikatia sahihi. Uchaguzi ukapita, uongozi mpya ukaunda kamati ya kuhakiki madeni ya zamani, na tangu hapo ni njoo kesho. Tunawadai shilingi milioni 4.1.

Sasa mambo yako hivi. Benki inatudai milioni 3.6 na tuna miezi minne hatujalipa. Mwezi uliopita ilikuja barua inayotupa miezi 3 tulipe malimbikizo, la sivyo wataanza hatua za kuuza nyumba. Muuza mbao anatudai 940,000, na wiki iliyopita wakili wake ametuletea barua ya siku 21, kwamba tusipolipa ataomba mahakama iifilisi kampuni. Kodi ya karakana, miezi mitatu. Mafundi hatujawalipa miezi miwili ingawa bado wanakuja. Na mimi mwenyewe mwaka jana nilichukua mkopo wa sacco ili niwalipe mafundi hao hao, umebaki 520,000. Wadhamini wangu ni watatu, mmoja ni dada yangu mwalimu. Yeye anajua nilikopa, hajui kwamba sasa silipi.

Kinachoniuma ni kwamba kazi ipo. Shule mbili za binafsi zimeagiza madawati na hoteli moja ya Nyali inataka vitanda. Nikipiga hesabu bila madeni ya zamani, karakana inajilipa na kinabaki kitu.

Tuna kiwanja Mariakani, nusu ekari, kwa majina yetu wawili, hakina deni. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ametushauri tukihamishie kwa jina lake, pikapu tuiuze kwa karatasi tu kwa binamu yao, halafu kampuni tuiache ife tufungue nyingine. Anasema hii ni kampuni ya limited, ikifa deni limekufa nayo. Mume wangu amekubali. Fomu za uhamisho ziko mezani zinangoja sahihi yangu. Nikisita ananiuliza kama nataka watoto walale nje. Tangu barua ya benki ije amekuwa haongei, na siku nyingine analala karakana akisema analinda mashine.

Mteja wetu mmoja aliniambia iko sheria inayoikinga kampuni isiguswe na wadai mpaka ijipange. Je, ni kweli? Na nyumba nayo itakingwa? Au tujitangaze kwamba tumefilisika? Naogopa aibu, na naogopa jela. Tena binti yetu wa kwanza amemaliza kidato cha nne, anangoja kuingia chuo na kila siku anauliza. Sijui nimwambie nini.

Mama wa Karakana, Mombasa

JIBU

Dada yangu, pole sana. Umefanya kazi, umekabidhi mzigo, sahihi ya kuupokea unayo, na leo wewe ndiye unayeandikiwa barua na mawakili. Hilo linaumiza kuliko deni lenyewe, na sitaki tulipite haraka kana kwamba ni kawaida. Wako wengi wa aina yako. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za mwaka 2024 zilionyesha kwamba kaunti zetu zilikuwa zinadaiwa na wasambazaji na makandarasi zaidi ya shilingi bilioni 150. Nyuma ya fedha hizo kuna karakana kama yenu, na nyumba zilizowekwa rehani kama yenu.

Nikikuelewa sawasawa, mna biashara yenye uhai iliyobanwa na madeni ya nyuma, mna nyumba iliyo hatarini, mna dada aliyejitolea kukudhamini, na mna karatasi mezani ambazo mume wako anaziona kama wokovu, nawe moyo wako unasita. Mimi si wakili wenu. Kila nitakalosema hapa linafaa lipitishwe kwa wakili atakayesoma hati zenu moja moja. Lakini naweza kukusaidia kuyatenganisha mambo, kwa sababu naona katika barua yako yamefungwa pamoja, na yakiwa pamoja yanatisha zaidi.

Tuanze na neno la shemeji, kwamba kampuni ikifa deni limekufa nayo. Ana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba sheria inaihesabu kampuni kuwa mtu mbali na wenye hisa. Msingi huo uliwekwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1896 katika kesi ya Salomon, na mahakama za Kenya huufuata mpaka leo. Kwa hiyo muuza mbao, kama aliandika ankara kwa jina la kampuni na hakuna kati yenu aliyejiandika kuwa mdhamini, anaidai kampuni tu. Hawezi kuja kubeba makochi yenu Mtwapa.

Lakini rudi kwenye ile siku kwa wakili wa benki. Katika zile karatasi nyingi, kuna uwezekano mkubwa ilikuwamo moja ambayo nyinyi wawili mliahidi kulipa wenyewe iwapo kampuni itashindwa. Benki nyingi haziikopeshi kampuni ndogo bila dhamana binafsi ya wakurugenzi. Ombeni nakala ya kila mlichokitia sahihi. Kama karatasi hiyo ipo, kuiacha kampuni ife kutawaondolea deni la 940,000 na kuwaletea mlangoni lile la milioni 3.6 lote kwa mpigo. Mkopo wa sacco ni wako binafsi, haujui habari ya kampuni. Na nyumba ilishawekwa rehani, uhai au kifo cha kampuni hakiitoi huko. Sasa jiulize, na umuulize mwenzio kwa upole: kampuni ikifa, ni deni lipi hasa linalokufa?

Angalieni pia kama mashine, pikapu, hata zile fedha mnazoidai kaunti, ziliandikishwa kuwa dhamana ya benki chini ya sheria ya mwaka 2017 ya kuweka rehani mali inayohamishika. Kama ziliandikishwa, pikapu hiyo hamwezi kumpa binamu hata kwa nia njema, maana benki ina haki juu yake.

Sasa ile sheria aliyokutajia mteja wenu. Ipo. Ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, na ilikuja kwa sababu hiyo hasa, kwamba kampuni yenye shida isizikwe kabla ya kujaribiwa kuponywa. Ina njia mbili zinazokuhusu.

Moja ni kuiweka kampuni chini ya msimamizi. Huyu ni mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, na wakurugenzi wenyewe wanaweza kumteua au kuomba mahakama imteue. Akishaingia, wadai hawawezi kukamata mali ya kampuni wala kuendelea na kesi bila ruhusa yake au ya mahakama. Kinga hiyo kwa kawaida huenda hadi miezi 12, na inaweza kuongezwa. Lakini funguo za karakana mnampa yeye. Mume wako atakuwa fundi katika karakana yake mwenyewe, akiuliza kabla ya kununua msasa. Na mtaalamu huyo analipwa, tena analipwa kabla ya wadai wengine wengi. Kwa kampuni ya ukubwa wenu hilo si jambo la kupita juu juu, kwa sababu gharama inaweza kula kile mlichotaka kukiokoa.

Njia ya pili ni mpango wa hiari kati ya kampuni na wadai wake. Mnaandika pendekezo, kwa mfano kwamba muuza mbao atalipwa kiasi fulani kila mwezi kutokana na madawati ya shule, wadai wanalipigia kura, na mtaalamu anasimamia utekelezaji. Nyinyi mnabaki kuendesha kazi. Duka la Uchumi lilipitia njia hii mwaka 2020, baada ya kuwa liliwahi kuwekwa mwaka 2006 chini ya mrasimu, yaani mtu anayeshika mali kwa niaba ya wadai, na kuinuka. Nakumatt, kampuni nyingine ya maduka makubwa, nayo iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, ikahangaika miaka miwili, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Wasambazaji wengi wadogo hawakupata chochote cha maana. Nakutajia hizo mbili ili ujue kwamba kinga ni muda wa kupumua. Kama kazi haipo, muda huo unaisha tu. Kwenu kazi ipo, na ndiyo maana nasema mna jambo la kuzungumza na wadai.

Uliuliza kama nyumba nayo itakingwa. Hapa nisikufiche. Kinga ya kampuni inafunika mali ya kampuni. Nyumba ni ya mume wako. Benki yenye rehani, tena, hailazimishwi na mpango wa hiari bila kuukubali yenyewe. Kwa hiyo nyumba inapiganiwa mahali pengine, nako huko hamjachelewa kama mnavyodhani.

Chukua ile barua ya benki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki iwape miezi mitatu ya kurekebisha, kisha ikitaka kuuza itoe notisi nyingine ya siku 40. Baada ya hapo dalali naye ana notisi yake ya siku 45, na tangazo la mnada. Nyumba haiuzwi kesho asubuhi. Benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Ombeni taarifa kamili ya mkopo pia. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inaweka ukomo wa riba: mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba inayodaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Si msamaha, lakini inawapa mahali pa kusimama mkiketi na afisa wa mikopo.

Na keti naye kabla ya ile miezi mitatu kuisha. Nenda na oda za shule, barua ya hoteli, na hesabu zako za mwezi kwa mwezi. Mnaweza kuomba mkopo upangwe upya kwa muda mrefu na rejesho dogo. Mnaweza kuomba mruhusiwe kuuza nyumba wenyewe kwa mnunuzi mtakayemtafuta, kuliko mnada, ingawa najua kuandika hivyo ni rahisi kuliko kulisema mezani kwenu. Benki inaweza kukataa yote mawili. Ikikataa, angalau mtajua mnashughulika na nini.

Muuza mbao naye msimwache kimya. Anayedai 100,000 au zaidi akatoa barua ya siku 21 na asijibiwe wala kulipwa, tayari ameshapata ushahidi wa kupeleka mahakamani kwamba kampuni haiwezi kulipa. Ila mfikirie kwa upande wake. Kampuni ikifilisiwa, mbele yake kuna gharama za ufilisi, kuna benki kama ina dhamana juu ya mashine, kuna mishahara ya mafundi. Yeye yuko nyuma kwenye foleni na huenda asipate hata nauli ya wakili. Ana sababu ya kusikiliza pendekezo la maana, likiandikwa na kufika kabla ya siku kuisha.

Kuhusu kujitangaza mmefilisika nyinyi wenyewe, nataka nikutoe hofu mbili. Ya jela kwanza. Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Kifungo cha madai bado kimo katika sheria zetu, lakini mahakama inapaswa iridhike kwamba mdeni ana uwezo wa kulipa na anakwepa, au anaficha mali. Ya aibu siwezi kuiondoa kwa sheria, lakini naweza kukuambia ufilisi wa mtu binafsi ni nini. Mali yako inawekwa chini ya Mpokeaji Rasmi, ofisi ya serikali, au mdhamini wa ufilisi, yaani mtu anayeteuliwa kuisimamia mali hiyo. Unaruhusiwa kubaki na vifaa vya lazima vya kazi na vya nyumbani. Kwa kawaida unaachiliwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha maelezo ya hali yako ya fedha, na muda wote huo huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini ya mahakama. Kabla ya kufika huko ipo hatua nyepesi, mpango wa hiari wa mtu binafsi, ambapo mahakama hutoa amri ya muda ya kuwazuia wadai wakati pendekezo lako linaandaliwa. Na kwa wasomaji wengine wenye madeni ya kati ya 100,000 na 400,000 na wasio na mali kabisa, sheria hiyo hiyo ina utaratibu wao mwepesi zaidi. Kaulizeni.

Haya, fomu zilizo mezani.

Sitakuambia tia sahihi, wala sitakuambia kataa. Nakuomba tu ujue sahihi hiyo inabeba nini. Mkishapokea barua ya benki na barua ya siku 21, kisha kiwanja kikahamia kwa mdogo wa mume bila fedha kulipwa, wa kwanza kukiona ni mfilisi, yule anayekusanya mali ya kampuni iliyofilisiwa, au wakili wa benki, na mahakama ina uwezo wa kuubatilisha uhamisho kama huo. Baya zaidi, ile nia njema mliyo nayo leo, ya watu waliofanya kazi na hawakulipwa, inageuka kuwa hadithi ya watu waliokuwa wanaficha. Kinga karibu zote nilizokutajia zinataka useme ukweli wote kuhusu mali yako. Kisha kuna shemeji mwenyewe. Sina sababu ya kumtilia shaka. Lakini kiwanja kikiwa kwa jina lake ni chake kwa sheria. Yeye pia anaweza kudaiwa. Ana mke, ana watoto, na Mungu apishe mbali, akitangulia, nyinyi mtakuwa watu wa nje kwenye mirathi yake.

Kubaki nacho tu kuna hatari pia: benki ikiuza nyumba na bei isitoshe, inaweza kuwafuata kwa salio, na kiwanja kipo wazi. Kukiuza hadharani kwa bei ya mthamini na kulipa madeni ni jambo tofauti kabisa na kukificha, lakini hata hapo, ukimlipa anayekupenda na kumwacha anayekusumbua, baadaye unaweza kuulizwa kwa nini ulimpendelea. Wapo wanaokitoa benki kama dhamana ya nyongeza ili wapewe muda. Muda unapatikana, lakini kama karakana haitasimama, mmeweka viwili mezani badala ya kimoja. Hakuna njia isiyo na maumivu hapa, na anayekuambia ipo hajasoma karatasi zenu.

Ningependa pia ufikirie upya fedha za kaunti. Naona katika hesabu zako zinakaa kama kitu kitakachofika. Huenda zikafika. Lakini mali ya serikali haikamatwi na dalali hata ukishinda kesi. Unapata hati ya deni, kisha unarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe, na hilo huchukua muda. Wakati huo huo madai yenyewe yana muda wa mwisho kisheria, na mzigo wenu ni wa mwaka 2022, basi muulizeni wakili swali hilo wiki hii, si mwezi ujao. Kusanya LPO, ile hati ya kaunti ya kuagiza mzigo, hati za kupokea mzigo, cheti cha ukaguzi na kila barua. Fanya hesabu za karakana kana kwamba fedha hizo hazipo, uone kama bado inasimama.

Mafundi wenu wanakuja kazini bila kulipwa, na hilo lina thamani, lakini wana haki ya kujua wanachokisubiri. Kampuni ikifilisiwa, mishahara yao ya hadi miezi minne, isiyozidi 200,000 kwa kila mmoja, inalipwa kabla ya wadai wa kawaida kama muuza mbao. Wengi hawajui. Ikibidi kuwapunguza, kuna notisi ya mwezi mmoja na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka waliofanya kazi. Na kama mlikata kodi na michango ya NSSF kwenye mishahara yao mkaitumia kwa mengine, mwambieni wakili mapema.

Dada yako mwalimu nimemwacha karibu na mwisho kwa sababu ndiye aliyenikaa moyoni. Ufilisi wako hautamwachilia. Ukikingwa wewe, sacco itageukia akiba yake, na atajua siku atakayokwenda kuomba mkopo wa karo akaambiwa akiba yake imeshikiliwa. Unaogopa kumpoteza ukimwambia. Je, akiambiwa na karani wa sacco, utakuwa umempoteza kidogo zaidi? Wewe unamjua, mimi simjui. Ninajua tu kwamba wadhamini wakiambiwa mapema mara nyingi huenda pamoja na mkopaji kuomba rejesho lipunguzwe, na sacco husikiliza sauti za watu wanne kuliko ya mmoja.

Na mume wako. Umemweleza kama mtu anayekusukuma kwenye jambo usilolipenda. Huenda ndivyo. Lakini nasoma pia habari ya mwanamume aliyesimama juu ya kila kiti ili mtoto wa watu asichomwe, na sasa analala kwenye vumbi la mbao akilinda mashine. Anaposema watoto watalala nje, sidhani anakutisha wewe. Nadhani anasema kinachomkosesha usingizi. Labda fomu zile ndizo kitu pekee alichopewa cha kufanya. Mkienda wawili kwa wakili, na orodha ya madeni umeiandika wewe kwa mkono wako mzuri wa hesabu, atakuwa na kitu kingine cha kushika. Akikataa kwenda, nenda wewe. Jina lako limo kwenye kampuni, kwenye kiwanja, na huenda kwenye dhamana, kwa hiyo una haki ya ushauri wako mwenyewe.

Binti yenu ameshaona baba halali nyumbani. Hajui kiasi, lakini anajua kuna jambo. Sioni kama anahitaji kusikia habari za mahakama. Anaweza kuambiwa kwamba kaunti haijalipa, kwamba mwaka huu fedha ni ngumu, na kwamba chuo bado kimo katika hesabu zenu. Kisha keti naye mjaze maombi ya mkopo wa elimu ya juu na ufadhili wa eneo bunge pamoja, kwa sababu fomu hizo nazo zina tarehe ya mwisho.